Kampuni ikishawekwa chini ya mfilisi bado inaweza kurudi, ila risiti ya deni peke yake haiirudishi

Kampuni ikipigwa amri ya ufilisi hapa mjini watu wanaihesabu imekufa. Kariakoo habari zinasambaa siku hiyo hiyo, ukienda kuomba mali kauli unaulizwa nyie si mmefilisiwa, madereva wanaanza kutafuta kwingine, wakurugenzi wamekaa nyumbani hawajui hata simu za wateja wapokee au wazime. Haya nimeyaona nikiwa mhasibu, na nimeona pia kampuni hiyo hiyo ikirudi kufanya kazi kwa amri ya mahakama, kwaiyo namwandikia yule ambae sahivi yuko katikati ya hilo balaa na kila mtu anamwambia asahau. Usisahau kwanza. Ila elewa unaenda kuomba nini, maana wengi wanaenda mahakamani wameshika risiti ya deni walilolipa wakidhani maneno yameisha, alafu jaji anawauliza kitu ambacho hawakujiandaa nacho kabisa.

Kampuni yenyewe siitaji jina. Ni ya familia, wanauza vifaa vya ujenzi, duka Gerezani na godauni Vingunguti, nondo, mabati, mabomba, rangi, misumari, wafanyakazi kama thelathini ukijumlisha na wale wa kushusha mzigo. Mzee ndo alianzisha, hisa wanazo watatu, yeye na mdogo wake anaeishi Mwanza na binti yake ambae ndo aliniita. Aliniita amri ikiwa imeshatoka. Nilikuta godauni lina kufuli la mfilisi, yaani yule anaewekwa kukusanya mali za kampuni na kulipa wadai, akaunti za benki zimefungwa, na Mzee anaongea na mabomba yake kupitia wavu wa dirisha, yaani anayahesabu kwa sauti asije mtu akasema yalikuwa pungufu.

Ilivyofika hapo ni hadithi ambayo wafanyabiashara wengi wa Dar wanaijua. Walimkopesha mkandarasi mmoja mzigo mkubwa, mkandarasi nae anasubiri alipwe na mwenye mradi, malipo yakachelewa, huku supplaya wao wa mabomba anataka hela yake. Supplaya akaandika barua ya madai. Kwa sheria yetu ya makampuni, ile ya mwaka 2002, mdai akikupelekea madai kwa maandishi kwenye ofisi yako iliyosajiliwa ukakaa wiki tatu hujalipa wala hujafika nae makubaliano, unahesabika umeshindwa kulipa madeni, na hapo ana njia ya kwenda Mahakama Kuu kuomba ufilisiwe. Sasa ofisi iliyosajiliwa ya hawa watu kwenye kumbukumbu za BRELA, wale wanaosajili makampuni, ilikuwa bado ni fremu ya zamani waliyohama miaka mingi. Barua ikafika kule. Hati za kesi zikafika kule. Tangazo likatoka gazetini. Siku ya kusikilizwa hakuna aliyetokea upande wa kampuni, na jaji akatoa amri. Mahakama haikukosea hata kidogo, na hilo nalisema mapema kwasababu lina maana kubwa huko mbele.

Amri ikitoka mambo yanabadilika palepale. Wakurugenzi hawana tena mamlaka, anaesaini ni mfilisi. Huwezi kufungua wala kuendeleza kesi dhidi ya kampuni bila ruhusa ya mahakama. Ufilisi unahesabika umeanza tangu siku ombi lilipofunguliwa mahakamani sio siku ya amri, kwaiyo mali yoyote iliyohamishwa hapo katikati ni batili mpaka mahakama iseme vinginevyo, na hii iliwagusa maana kuna Kirikuu moja ilikuwa imeuzwa kwenye kipindi hicho. Na kila barua inayotoka lazima ioneshe kwamba kampuni iko kwenye ufilisi. Mwenye biashara asiyejua haya anaweza kuendelea kuuza uani huku anajichimbia shimo, kwaiyo kitu cha kwanza nilichomuomba Mzee ni asiguse chochote, hata msumari.

Wazo lake Mzee lilikuwa jepesi. Akasema, "Mwanangu, si ananidai yule wa mabomba? Nauza kiwanja changu cha Kigamboni namlipa, kesi inakufa." Binti yake nae alikuwa anaamini hivyo hivyo. Tukaenda kwa wakili, mama mmoja mtu mzima ana ofisi ndogo Posta, akamsikiliza mpaka mwisho alafu akamwambia kwa heshima kabisa, "Mzee wangu, ungemlipa kabla ya amri ingekuwa hivyo. Sahivi hii kesi sio ya kwake tena peke yake, ni ya wadai wako wote." Hicho ndo kitu kinachowapita watu wengi. Kabla ya amri ni ugomvi wako na mdai mmoja, mkimalizana anaweza kuliondoa ombi lake. Baada ya amri ufilisi unaendeshwa kwa faida ya wadai wote pamoja, na yule uliyemlipa hata akija na barua ya kusema hana neno, hawezi kuusimamisha kwa mdomo wake. Tena ukimlipa peke yake kwa hela ya kampuni umewapunja wengine. Hela ya kiwanja ilikuwa ya Mzee binafsi, hiyo ni tofauti, na ndo maana wakili alisema isiguswe mpaka tuwe na mpango wa wadai wote.

Akatueleza pia njia zilizopo, na hapa naomba uwe makini maana watu wanapoteza muda na hela kwa kufungua ombi ambalo sio. Kama unasema amri yenyewe ilitolewa kimakosa, unakata rufaa. Kama ilitolewa bila wewe kuwepo na una sababu ya maana ya kutokuwepo, unaomba itenguliwe. Kama kampuni imeshamaliza kufilisiwa na kuvunjwa kabisa, au imefutwa kwenye rejista, hiyo ni habari nyingine ya kuomba irudishwe. Lakini kama amri ilikuwa halali na ilichobadilika ni hali ya kampuni, kwamba sasa madeni yanalipika na kuna uhai, unaomba mahakama isimamishe ufilisi, moja kwa moja au kwa muda, kwa masharti itakayoona yanafaa. Sisi kesi yetu ilikuwa hii ya mwisho. Kudai hatukupata barua kungetufikisha wapi wakati anwani iliyo BRELA ni yetu wenyewe?

Na sio kila mtu anaweza kuomba. Anaeruhusiwa ni mfilisi, mfilisi rasmi wa serikali, mdai, au mwanahisa. Mkurugenzi kama mkurugenzi hayumo, kwaiyo Mzee aliomba kwa kofia ya mwanahisa. Ni kitu kidogo lakini ombi linaweza kutupwa kwasababu hiyo tu, na mwenzako anakuwa ameshajiandaa kukupinga kwa nguvu zaidi.

Wakili alitupa kesi za kusoma ili tuelewe jaji atakuwa anaangalia nini. Nyingi ni za nje, maana mahakama zetu zinazipokea hoja za nchi zenye sheria inayofanana na yetu. Moja ni ya Uingereza ya mwaka 1903 inaitwa Telescriptor, Jaji Buckley alikataa kusimamisha ufilisi kwasababu haangalii ridhaa ya wadai peke yake, anaangalia na uadilifu wa biashara. Nyingine ni ya Jaji Megarry mwaka 1975, ya kampuni ya ardhi ya Calgary na Edmonton, inasema kuna makundi ya watu ambao haki zao lazima zilindwe kabla ya kusimamisha, wadai, mfilisi na gharama zake, na wanahisa. Na kuna ya Australia ya mwaka 1982, Warbler, ambayo imepanga vitu vya kuangaliwa kimoja kimoja, kuanzia wadai wamepewa taarifa au hapana, mfilisi anasemaje, kampuni inajiweza sahivi au bado, wakurugenzi walitimiza wajibu wao wa kisheria au walizembea na kama walizembea maelezo yao ni yapi, mpaka kwanini ilianguka na kama biashara yake ina kitu chochote kisicho cha haki. Huko Australia sheria inamruhusu jaji kuumaliza ufilisi kabisa, sisi tunasema kusimamisha, lakini maswali ni yaleyale. Nilizisoma usiku nikaelewa kwamba ukiyaunganisha yote unabaki na swali moja tu. Kampuni hii ikiachiwa irudi mtaani, itamuumiza nani?

Hilo ndo swali nililosema watu hawajiandai nalo. Nililibandika juu ya meza na kila karatasi tuliyoandaa ilikuwa inalijibu hilo.

Tukaanza na wadai. Leja ya kampuni ilikuwa na majina ya supplaya wakubwa, benki, mwenye nyumba wa duka, TRA na NSSF. Ukiangalia juu juu unasema hawa ndo wadai, tafuta hela walipwe. Lakini mimi nimekulia Buguruni, najua biashara ya Dar inavyoendeshwa, nusu ya maisha ya kampuni haipo kwenye leja. Kuna mama anaepikia wafanyakazi anaandika kwenye daftari lake mpaka mwisho wa mwezi. Kuna vijana wa kushusha kontena wanalipwa kwa siku na siku nyingine wanaambiwa kesho. Kuna wenye Fuso za kukodi, fundi wa foklifti, yule anaeleta maji ya kunywa, mlinzi ambae kampuni yake ya ulinzi ilishaondoka ila yeye akabaki analinda kwa ahadi. Hao wote wanaidai kampuni. Hawajaleta fomu ya kuthibitisha deni kwa mfilisi kwasababu hawajui kama hiyo fomu ipo, wala hawakuliona tangazo la gazetini.

Binti wa Mzee aliniuliza kwa nia njema kabisa, kama hawapo kwenye orodha ya mfilisi kwanini tunawatafuta tuongeze mzigo. Nilimjibu kwamba ukiapa mbele ya mahakama kuwa wadai wote wamelipwa na kuna mama Vingunguti ana daftari, umeapa uongo. Na zaidi ya hapo, tunaenda kumwambia jaji hii kampuni haitaumiza mtu, tunawezaje kuanza kwa kumuumiza mama aliyewalisha vijana wetu?

Tulimkuta jikoni kwake. Mzee mwenyewe alikuja, na hilo naona lilisaidia kuliko kitu chochote. Mama alimwamkia vizuri akampa kiti alafu akasema, "Baba, mi sitaki maneno ya mahakama, mi nataka hela ya mchele." Nikamueleza kwamba atalipwa kupitia kwa mfilisi, na kabla ya hapo tunaomba jina lake liingie kwenye orodha ili asije akaachwa. Daftari lake lilikuwa safi kuliko vitabu vya ofisini, tarehe, idadi ya sahani, nani kala, nani kalipa nusu. Tulilipiga picha kurasa zote, akasaini, likaenda kuwa kielelezo. Vijana wa kushusha mzigo walikuwa wagumu zaidi kwasababu hakuna maandishi, tukatumia vitabu vya getini vya kontena zilizoingia na mnyapara wao akatoa kiapo. Kila aliyepatikana tulimpelekea mfilisi jina na kiasi na ushahidi, na yeye ndo aliamua deni lipi analikubali.

TRA na NSSF ni wadai wa aina yake, kodi na stahili za wafanyakazi zina kipaumbele. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kuna miezi wafanyakazi walikatwa upande wao na haikupelekwa. Hiyo niliiona mbaya kuliko deni la mabomba, nikamwambia Mzee hivyo hivyo, kwasababu ile sio hela ya kampuni, ni ya mfanyakazi ipo mikononi mwako tu. Ililipwa yote kutoka kwenye kiwanja. Kodi tulipata utaratibu wa kulipa kwa awamu kwa maandishi, na maandishi hayo yalikuwa na uzito mahakamani maana yanaonesha deni lina ratiba na TRA wameikubali.

Mfilisi nae usimfanye adui. Hapa Dar watu wakisikia mfilisi wanamwona kama mtu aliyekuja kuwanyang'anya, wanamficha vitabu, wanamjibu vibaya. Mfilisi ni mtumishi wa mahakama kwenye hilo jambo, na kama hana chuki na wewe ripoti yake ndo shahidi wako mkubwa. Wetu tulimpa kila kitu, funguo, leja, paswedi ya kompyuta, hata habari ya Kirikuu iliyouzwa, na Mzee alimrudishia thamani yake kabla hajaulizwa. Gharama na ujira wake vinatoka kwanza kabla ya wadai wa kawaida, na ukitaka ufilisi usimame lazima uoneshe atalipwa. Tuliziweka pembeni kwenye akaunti ya wakili mapema. Ripoti yake ilisema hapingi, na ikasema kwanini.

Kwenye uwezo wa kulipa ndo palikuwa na kazi yangu hasa. Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Moja ni mali kuzidi madeni, ukijumlisha godauni na mzigo na hela unazowadai watu ukatoa unazodaiwa kinabaki kitu. Nyingine ni hela kupatikana pale deni linapoiva. Kampuni inaweza kuwa na nondo za mamilioni na isiwe na mshahara wa Ijumaa. Mahakama inataka vyote viwili, na haitaki maneno ya mkurugenzi kwamba biashara ni nzuri na wateja wapo, inataka karatasi. Tulipeleka hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi ambae hakuwahi kufanya kazi na familia, stetimenti za benki, orodha ya mzigo iliyohesabiwa pamoja na watu wa mfilisi, na deni la mkandarasi ambalo nusu yake lilikuwa limeanza kulipwa kwa mfilisi. Ile nusu nyingine sikuiweka kama hela, niliiandika kwamba ina mashaka. Binti aliona najipunguzia nguvu, lakini ukiweka tumaini kwenye safu ya fedha na upande wa pili wakaligundua, hata namba zako za kweli zinaanza kutiliwa shaka. Nikaongeza makadirio ya mwaka mzima mbele, mwezi kwa mwezi, pamoja na Ramadhani na miezi ya mvua za masika ambayo ujenzi unapoa.

Alafu hela ya kiwanja. Mzee alikuwa ameikopesha kampuni, sasa je si ni deni jipya? Umelipa wadai kwa kukopa kwingine, na kesho huyo mkopeshaji akidai mnarudi kulekule. Wakili aliandaa makubaliano kwamba Mzee hatadai hela yake mpaka wadai wengine wote wawe wamelipwa na kampuni iwe na uwezo, na sehemu kubwa ikageuzwa kuwa hisa. Hili usilisahau kama unaokoa kampuni kwa hela ya familia. Bila hiyo karatasi umehamisha shimo tu.

Kiapo cha Mzee kilitutesa. Cha kwanza aliandikiwa na kijana mmoja jirani, kilikuwa cha lawama mwanzo mwisho, mkandarasi, supplaya, mpangaji wa fremu ya zamani, mpaka karani wa mahakama. Wakili alikisoma akakiweka pembeni akamwambia, "Mzee, jaji anataka kujua umejifunza nini, hiki kinasema hujafanya kosa lolote, sasa akikurudishia kampuni kitazuia nini isianguke tena?" Palikuwa na ukimya wa maana sana. Mzee ni mtu wa heshima zake, amefanya biashara tangu enzi za maduka ya ushirika, kumuomba aandike kwamba hakuwasilisha ritani za kila mwaka BRELA, hakubadilisha anwani, alikopesha mteja mmoja zaidi ya uwezo, alitumia michango ya watu, ni kumuomba kitu kizito. Aliandika. Kila moja alieleza ilikuwaje na amefanya nini kurekebisha, ritani zote zikaingizwa onlaini na faini kulipwa kwa idhini ya mfilisi, ukomo wa mkopo kwa mteja mmoja ukawekwa, na mtu wa fedha akaajiriwa mwenye mamlaka ya kukataa. Nilimheshimu zaidi baada ya kusoma kile kiapo kuliko kabla.

Mdogo wake wa Mwanza karibu atukwamishe. Yeye aliona heri mali iuzwe agawiwe chake, na kama mwanahisa ana haki ya kusikilizwa, huwezi kumruka kisa ana hisa chache. Wazee wa familia walikaa nao, mwisho akakubali kuuza hisa zake kwa Mzee kwa bei iliyopigwa na mkaguzi. Ridhaa yake ikaingia kwenye faili.

Siku ya kusikilizwa pale Mahakama ya Biashara, ambayo ni kitengo cha Mahakama Kuu, supplaya wa mabomba hakupinga, benki haikupinga, mdai mmoja mdogo alipinga kwa hoja kwamba hawa watu watarudia. Jaji hakuipuuza. Alimuuliza wakili wetu maswali mengi kuhusu michango ya wafanyakazi, kuliko hata deni lililoleta kesi, na akauliza wadai wasiokuwa kwenye leja walipatikanaje. Wakili akamuonesha lile daftari la mama. Jaji alilipitia ukurasa kwa ukurasa, akauliza kama ameshalipwa, mfilisi akasimama akasema ameshalipwa na risiti iko kwenye ripoti yake.

Uamuzi ulisomwa wiki kadhaa baadae. Ufilisi ukasimamishwa, kwa masharti, gharama za mfilisi zimalizwe kabla hajakabidhi, awamu za TRA zisirukwe, yale makubaliano ya Mzee yasivunjwe bila ruhusa ya mahakama, na kiasi cha yule mdai aliyepinga kiwekwe mahakamani mpaka ubishi wa hesabu yake uishe. Masharti hayo wengine wanayaona mzigo, mi nayaona ni haki, kwasababu yanamlinda mtu ambae hakuwepo ndani ya kile chumba.

Amri ikitoka kuna kazi bado, na nimesikia waliopata amri wakakaa nayo kabatini. Nakala lazima ifike kwa Msajili wa Makampuni ili kumbukumbu zisomeke sawa, la sivyo kila atakaefanya upekuzi BRELA ataona bado mko kwenye ufilisi. Benki wanataka nakala iliyothibitishwa, azimio la bodi na saini mpya ndo wafungue akaunti. Mfilisi anakabidhi kwa orodha, mnahesabu pamoja mnasaini, kila kitu mpaka kalkuleta. Mikataba ya wafanyakazi msidhani imeendelea yenyewe, amri ya ufilisi huwa inahesabika ni taarifa ya kuachishwa, kwaiyo tuliita kila mmoja tukaandika upya na stahili zake za nyuma zikiwa zimelipwa. Sio wote walirudi. Waliorudi walikuwa zaidi ya ishirini.

Mali kauli hatukupewa. Supplaya wengi walitaka keshi kabla mzigo haujashuka, na Mzee alikubali bila kunung'unika, tukaagiza kidogo kidogo, nondo kwanza kwasababu zinazunguka haraka. Yule wa mabomba ndo alikuwa wa kwanza kutupa mzigo wa siku thelathini, na ukomo wake uliandikwa kwenye mkataba mpya ambao sasa unapelekwa kwenye anwani sahihi.